Dawa ya Ziwa na Mji wa Mimba

Shikeni karatasi zenu mfuate ninaposoma.

Leo tunasoma habari za dawa iitwayo tamoksifeni. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962, na tangu miaka ya 1970 hupewa wanawake wenye saratani ya ziwa. Saratani nyingi za ziwa hukua kwa amri ya homoni iitwayo estrojeni. Homoni hii ni kama tarishi: huingia katika chembe ya mwili, hukaa kitini, husema, "Gawanyika!" Tamoksifeni humwahi tarishi, hukaa katika kiti chake, hunyamaza. Saratani haipati amri. Mwanamke mwenye saratani ya namna hiyo akiimeza miaka 5, hatari yake ya kufa kwa ugonjwa huo hupungua karibu theluthi moja.

Lakini sikilizeni ajabu. Dawa ile ile ikifika katika mji wa mimba, haikai kimya. Mwaka 1998 yalitolewa Marekani matokeo ya jaribio la wanawake zaidi ya 13,000, wasio na saratani bali walio katika hatari ya kuipata. Nusu yao walimeza tamoksifeni: 36 wakapata saratani ya mji wa mimba. Katika nusu ya pili walikuwa 15. Ni wachache, ila tofauti yaonekana.

Kwa nini? Mwaka 2025 wataalamu wa Marekani na Ujerumani walitoa jibu. Ndani ya chembe zetu mna jeni, yaani amri tulizorithi kwa wazazi. Jeni moja, PIK3CA, huamuru chembe ikue. Katika saratani za kawaida za mji wa mimba, mara nyingi jeni hii imeharibika, nayo hupiga kelele usiku na mchana. Katika zile zilizotokea baada ya tamoksifeni, mara nyingi zaidi waliikuta nzima. Dawa yenyewe ndiyo iliyoiwasha kazi ile, jeni isihitaji kuharibika! Wakawapa panya dawa ya kuizima, na chembe zikapunguza kugawanyika.

Je, mama aitupe tamoksifeni? La, asiiache bila shauri la daktari. Kwa wagonjwa wengi faida yashinda hatari. Ila akiwa amekoma hedhi kisha akaona damu, hata tone, aende hospitali upesi, aseme, "Nameza tamoksifeni." Watachukua kipande kidogo cha utando wa mji wa mimba, wakitazame kwa darubini. Saratani hii mara nyingi hujitangaza mapema kwa damu, na ikikutwa mapema huondolewa kwa kupasuliwa.