Hundi Isiyo na Fedha: Ni Nani Anayeumia?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vigango na wajumbe wa Haki na Amani, Runzewe)



Tumeombwa tuzungumze juu ya hundi zinazorudishwa na benki. Pengine mtu atajiuliza padre ana habari gani na hundi. Tunayo habari, nasi tutaanza na aibu yetu wenyewe.

Miaka 4 iliyopita, katika parokia moja tuliyokuwa tukiihudumia, tulifanya harambee ya kuezeka kanisa la kigango. Mgeni rasmi, mfanyabiashara, alisimama akainua hundi ya shilingi milioni 3. Vigelegele vikapigwa, na picha pia. Jumatatu yake tuliipeleka benki, na siku hiyo hiyo tukamwandikia fundi hundi yetu ya shilingi milioni 2, anunue mbao na kuwalipa vibarua. Baada ya siku chache hundi ya mgeni rasmi ikarudi, imeandikwa kwamba arejewe mtoaji. Hundi yetu nayo ikarudi. Fundi alikwisha kuchukua mbao kwa mkopo. Juma zima alilala kwa ndugu yake akiwakwepa vibarua, maana wao hawakumjua mgeni rasmi, walimjua yeye.

Kosa letu lilikuwa lipi? Tulidhani kwamba hundi ni fedha. Kumbe hundi ni agizo tu la mwenye akaunti kwa benki yake. Kwa sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, agizo hilo halimpi mpokeaji haki yoyote juu ya fedha zilizomo benki. Benki inawajibika kwa mteja wake, si kwako wewe uliyeshika karatasi. Ukiiweka hundi katika akaunti yako, kiasi chake chaweza kuonekana katika salio, lakini si chako mpaka benki ya mtoaji iwe imelipa. Sisi tuliona tarakimu tukaamini.

Benki ya mtoaji hutazama kama fedha zinatosha. Zisipotosha, kwa desturi hailipi hata sehemu. Hurudisha hundi nzima na kumtoza mtoaji ada, hivyo akaunti iliyopungukiwa huzidi kupungua. (Katika Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, sheria inaitaka benki ilipe kiasi kilichopo. Twaona ni busara.) Lakini mteja aliyekubaliana na benki kuchukua zaidi ya salio lake, hundi yake hulipwa hata akaunti ikiwa tupu. Kwa hiyo mwenye nacho huheshimiwa bila fedha, na kikundi cha kina mama hurudishiwa hundi kwa kupungukiwa shilingi elfu 5. Hatusemi kwamba benki imevunja sheria. Twasema tu kwamba mizani hiyo haiko sawa.

Wazee mliopo hapa mnaujua ugonjwa huu kwa jina jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wilaya hii ikiwa bado sehemu ya Kahama, mkulima wa pamba katika kanda hii aliweza kupeleka mzigo wake kwa ushirika akarudi na stakabadhi tu. Vyama vikuu vilitegemea mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara, nayo ilikuwa imelemewa na madeni yasiyolipika. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na mwaka 1997 benki hiyo ikagawanywa. Ile stakabadhi haikuwa hundi, lakini ilifanya kazi ile ile: ilihamisha mzigo kutoka kwa aliyeahidi hadi kwa aliyetoa jasho. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, aliuita ujira ulioshikiliwa dhambi inayolia mbinguni.

Siku hizi wengi hulipana kwa simu, lakini hundi bado zipo: kwa wakandarasi, kwa taasisi, na zaidi katika harambee zetu. Aliyerudishiwa hundi afanye nini? Kwanza asiichane kwa hasira. Aitunze pamoja na kikaratasi cha benki, amwandikie mtoaji mara moja kumpasha habari, na abaki na nakala. Wengi hukimbilia polisi. Nchini Kenya, tangu 2003, kutoa hundi huku ukijua kwamba fedha hazitoshi ni kosa la jinai, ingawa hundi ya tarehe ya mbele haimo. Kwetu, shauri la udanganyifu hudai kuthibitisha nia ya mtoaji siku ile alipochukua mali, jambo gumu. Njia ya madai ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai, katika Amri ya 35, inaruhusu shauri la haraka juu ya hundi, na mdaiwa hawezi kujitetea mpaka apewe kibali na mahakama. Nendeni Mahakama ya Wilaya, maana sheria hiyo haitumiki katika Mahakama ya Mwanzo. Muda wa kudai ni miaka 6.

Fundi wetu tulimlipa kwa sadaka za miezi mitatu, na Jumapili moja tukamwomba radhi mbele ya waamini. Kuhusu mgeni rasmi, halmashauri ya walei iligawanyika. Wengine walisema si vema kumshtaki mtu aliyekuja kutoa zawadi. Wengine waliuliza kama zawadi ile ilikuwa ya kanisa au ya picha. Mwanasheria tuliyemwendea alitutahadharisha pia kwamba ahadi ya zawadi si sawa mahakamani na malipo ya mali iliyouzwa. Mwenye mbao angekuwa na hoja yenye nguvu kuliko sisi. Hatukumshtaki. Hundi ile ingali kabatini, ina mhuri wa benki, na miaka 6 haijatimia.