Unga na Hedhi

Tumezoea kumhukumu mwanamke aliyetekwa na dawa za kulevya kuwa hana haya, ilhali mwili wake una siri ambayo sisi tunaomhukumu hatuijui. Homoni ya estrojeni, ambayo hupanda kabla ya yai kupevuka, huzidisha nguvu ya dopamini, ile kemikali ya ubongo iletayo raha na shauku, hata kokeini ikawa na ladha kali zaidi siku hizo kuliko zile zinazofuata, ambapo projesteroni huja kuituliza tamaa. Katika majaribio, panya majike walioondolewa ovari walipunguza kujipa kokeini. Waliporudishiwa estrojeni, wakazidisha. Panya, bila shaka, hawana haya wala fedheha.

Heroini nayo aghalabu huifunga hedhi miezi kwa miezi, na mwanamke, akidhani amekuwa tasa, huacha kinga. Aanzapo methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini ambayo Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiitoa tangu mwaka 2011, uzazi huweza kurejea, na mimba ikaitangulia hedhi. Kwa hiyo, dada yangu, siku unapokunywa kikombe chako cha kwanza cha methadoni mbele ya muuguzi, mwulize papo hapo habari za uzazi wa mpango.