Maneno Yetu Ndani ya Aya za Swaumu

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Masheikh zetu, walimu wetu, wazazi wetu na vijana wenzangu.

Nimeambiwa nichague mada yoyote yenye faida, nami nimechagua maneno. Wanaonijua hawatashangaa. Mimi nikitumwa karatasi dukani, hurudi nikiuliza hilo neno karatasi limetoka wapi. (Limetoka kwa Waarabu, ni qirtas, na limo katika Surat al-An'am. Na wataalamu wa lugha wanasema Waarabu nao walilipata kwa Wayunani.)

Hebu tuseme ukweli. Wengi wetu mwezi huu tutakhitimu Qur'an, wengine mara mbili, alhamdulillah. Lakini ukimsimamisha kijana nje ya msikiti umuulize imamu amesoma nini katika taraweh, atakwambia amesoma juzuu ya kumi. Maana yake? Kimya. Tumeshajiambia kwamba Kiarabu ni kazi ya mashekhe na ya waliokwenda Madina. Mimi nasema mlango uko wazi kuliko tunavyodhani, kwa sababu nusu ya ufunguo tunao mdomoni.

Chukueni aya zinazosomwa kila Ramadhan, Surat al-Baqarah aya ya 183 mpaka 185. Tutoe maneno moja moja. Siyam, hiyo ni swaumu. Maridh, mgonjwa, nasi tunasema maradhi. Safar ni safari. Fidya ni fidia. Miskin ni maskini. Khayr ni heri. Bayyinat, nasi tuna bayana na kubainisha. Tukmilu, tuna kamili na kukamilisha. Tashkurun, tuna shukrani. Hayo hayahitaji kwenda Madina. Kijana wa Mumias au wa Garissa aliyesoma Kiswahili cha shule ya msingi anayo yote, hata kama nyumbani kwao wanazungumza lugha nyingine kabisa.

Lakini tamu zaidi ni yale yaliyojificha. Shahr, yaani mwezi wa siku 29 au 30. Ukiuliza Kiswahili kimelichukua wapi neno hili, wengi watasema hatunalo. Tunalo! Mwisho wa mwezi unapokea nini? Mshahara. Kwa Kiarabu mushahara ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Tena lipo la pili: mashuhuri. Mzizi ni ule ule, shin, ha, ra, kitu kuonekana na kujulikana kwa watu, na wanazuoni wa lugha wakasema mwezi umeitwa shahr kwa vile unavyojulikana. (Hapa kwetu Kenya Ramadhan hujulikana pia kwa mvutano wa kuandama, lakini hiyo si mada yangu leo.)

Kuna jingine, 'idda. Katika aya hizi limekuja mara tatu, likimaanisha hesabu ya siku. Mgonjwa na msafiri watalipa kwa hesabu ya siku nyingine. Mtoto wetu wa Pwani akisikia 'idda, akili inakwenda kwa mama aliyefiliwa na mume amekaa eda. Je, amekosea? Mzizi hakukosea. Eda ni siku zinazohesabiwa, na idadi ni hiyo hiyo hesabu. Ila maana ya aya amekosea, manake hapa hakuna mjane.

Na hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Neno likivuka bahari hubadilika. Kutiba ni ndugu wa kitabu, lakini katika aya ya 183 maana yake ni kufaradhishwa. Shahida tunalijua kwa shahidi wa mahakamani, lakini katika aya ya 185 wafasiri wengi wanasema ni kuwapo, yaani aliyekuwa mjini, hakusafiri. Na fidia kwetu leo ni pesa za shamba lililopitiwa na barabara! Anayesema "mimi ni Mswahili, Kiarabu nakijua" yuko mbali kuliko yule wa bara anayejijua kuwa hajui. Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokopa, tena imekopa kwa ujeuri. Kitabu tumelitia katika ngeli yetu tukasema vitabu, wakati Mwarabu anasema kutub. Na kabla ya kitabu kuenea, wazee wetu walikuwa wakikiita chuo. Ndio maana msomi ni mwanachuoni.

Tena sauti zinadanganya. Kiswahili kimezichanganya qaf na kaf. Washairi wetu huandika kalbi kwa maana ya moyo, na kila aliyepita madrasa anajua ukilitamka kwa kaf ya Kiarabu umeshamtaja mbwa.

Pengine mtu atasema, kufuatafuata asili ya maneno si jambo la dini. Basi Imam Shafi'i, ambaye sisi wa Pwani tunafuata madhehebu yake, alilishughulikia katika Risala yake, akashikilia kwamba hakuna katika Qur'an isipokuwa Kiarabu. Abu 'Ubayd akasuluhisha: yapo maneno ambayo asili yake ni ya kigeni, lakini Waarabu waliyafanya yao kabla Qur'an haijateremka, kwa hiyo ni Kiarabu. Na Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), aliyakusanyia kitabu kizima. Hao hawakuwa watu wa kupoteza wakati.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Daftari moja, mistari miwili ya kugawa ukurasa. Upande wa kwanza neno la Qur'an kwa herufi zake za Kiarabu, maana kwa herufi za kizungu utazichanganya ha mbili. Katikati, ndugu yake wa Kiswahili ninayemdhania. Upande wa mwisho, maana yake katika aya hiyo, nikiitoa kwenye tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, ile iliyotoka Nairobi 1969. Nikitatizika, nampelekea ustadh. Maneno matatu kwa siku yanatosha. Wazazi, watoto wakisubiri adhana ya magharibi na futari iko mezani, wapeni neno moja walitafutie ndugu zake. Heri hilo kuliko kugombania sambusa.

Kwa leo jioni nawaachia neno taqwa, au kwa usahihi mzizi wake, waw, qaf, ya. Limo mwishoni mwa aya ya 183. Nendeni mkamuulize ustadh lina uhusiano gani na kujikinga.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.