Nani Analinda Lango la Kliniki?

Hukumu ya Johannesburg imeshatoka: Operation Dudula, kundi linalopinga wahamiaji nchini Afrika Kusini, wamepigwa marufuku kuzuia watu kliniki na kudai vitambulisho. Mahakama Kuu imesema wenye mamlaka ya kumdai mtu pasipoti ni afisa wa uhamiaji na polisi tu. Vyema. Ila jaji hashindi langoni.

Wanaoshinda langoni ni wale wale waliowarudisha nyumbani wajawazito na watu waliofuata dawa za VVU. Nani atawaondoa?

Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya. Kila mtu. Sheria ya Afya ya 2003 inawapa matibabu ya bure wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 wasio na bima, na mwaka 2023 mahakama ilithibitisha kuwa wageni wamo, hata wasio na hati. Kwa Mkongomani wa mtaa wa Yeoville, Johannesburg, anayeishi kwa kibarua, bima ya binafsi haishikiki. Kliniki ya serikali ndiyo bima yake.

Wazuiaji wanadai wageni wamemaliza dawa. Nani amemaliza dawa? Katika hospitali ya Tembisa, jimboni Gauteng, wachunguzi wa serikali walieleza mwaka 2025 kwamba mitandao ya wazabuni ilichota zaidi ya randi bilioni 2. Babita Deokaran, ofisa wa fedha aliyeyatilia shaka malipo ya hospitali hiyo, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Agosti 2021. Fedha za Tembisa hazikuchukuliwa na mama mjamzito kutoka Kongo.

Hata hivyo ni yeye anayesukumwa langoni. Na wanasiasa wamechochea: mwaka 2022 Phophi Ramathuba, aliyekuwa akiongoza afya jimboni Limpopo, alimkaripia mgonjwa wa Zimbabwe akiwa kitandani, kamera ikirekodi.

Sasa basi! Serikali ya Gauteng, jimbo lenye Johannesburg, ipeleke polisi langoni alfajiri, kabla foleni haijaanza. Walinzi wa kliniki wasitazame pembeni. Wauguzi wampokee kila anayeumwa, awe wa Soweto, wa Harare au wa Bukavu. Raia wanaochoshwa na foleni, na wana haki ya kuchoka, wawadai viongozi wao randi za Tembisa. Wazidai kwa sauti, wazidai kila wiki, hadi zirudi na kununua dawa.