Kabla ya Kuchomeka Kadi Mpya ya Grafiki

Msikilizaji, umenunua kadi ya grafiki, umeichomeka, na sasa kompyuta inajizima kila gemu linapoanza. Usikimbilie kuilaumu kadi. Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kompyuta usome kibandiko cha pawa saplai. Namba kubwa ya wati isikudanganye. Tafuta mstari wa volti 12, maana kadi inakula hapo. Ukikuta ampea 30, zidisha kwa 12: wati 360, na prosesa nayo inagombea humo humo.

Tundu la mazabodi hutoa wati 75 tu. Kadi nyingi za GTX 1650 hutosheka nazo. RTX 3060 inataka 170, ndiyo maana huongezewa waya wa pini nane, wenye kubeba wati 150, na Nvidia wanashauri pawa saplai ya wati 550.

Waya huo utoke moja kwa moja kwenye pawa saplai. Nakusihi, usiunge adapta kwenye waya wa sata unaolisha diski: plagi ile haikuundwa kwa mzigo huo, huweza kuyeyuka. Waya wa prosesa nao una pini nane, ila mpangilio wake ni mwingine. Ukigoma kuingia, usiulazimishe.