Daraja la Karatasi Moja

(Mazungumzo na wazazi na walimu wa madarasa ya chini)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za uhandisi kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Najua wengine mkisikia uhandisi mnafikiria mashini na vyuo vikuu. Hapana. Uhandisi ni kuona shida, kufikiria njia ya kuitatua, kutengeneza kitu, kukijaribu, na kikianguka, kukirekebisha. Mtoto anayetengeneza gari la waya tayari ameanza.

Mimi nilisoma chini ya 8-4-4, mfumo ulioanza 1985. Ulikuja na masomo ya ufundi, na wazazi wetu wakachanga pesa za kujenga karakana. Lakini mtihani ulikuwa mkubwa, na mahali pengi ufundi ukawa wa kukariri daftarini. Mtaala wa Umilisi ulianza katika madarasa ya chini 2019, na KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa tuna nafasi tena. Tusiiharibu.

Nasema tusiiharibu kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuiharibu. Shule moja iliniomba nisaidie maonyesho ya kazi za watoto. Nikawaambia wote walete nyumba walizotengeneza nyumbani. Siku ile zikaja nyumba za mbao, zimepakwa rangi, nyingine zina taa! Nani alizitengeneza? Baba, mjomba, au fundi wa jua kali aliyelipwa. Nyuma ya darasa nikamwona msichana mdogo ameficha kitu chini ya sweta. Ni nyumba ya paketi ya maziwa, imeinama upande mmoja. Yeye peke yake ndiye aliyeitengeneza kwa mikono yake, na yeye ndiye aliyeona haya. Nyanya yake anauza mboga. Hakuwa na pesa za manila wala gundi. Niliumia, maana kosa lilikuwa langu. Niliuliza kitu kizuri badala ya kuuliza mtoto amejifunza nini.

Tangu hapo nashauri kazi ifanyike darasani, kwa vikundi vya watoto wanne au watano, na vifaa vile vile kwa wote. Nitatoa mifano miwili.

Kwanza, daraja. Weka vitabu viwili, uache nafasi katikati, kisha lalisha karatasi moja juu yake. Weka vifuniko vya soda kimoja kimoja. Baada ya vichache tu, karatasi inazama. Sasa waulize watoto: tufanyeje, na karatasi ni hiyo moja? Usiwaambie. Wengine wataikunja mara mbili, wengine wataiviringisha. Mwishowe mmoja ataikunja mikunjo mikunjo kama kipepeo cha kujipepea, na daraja litabeba vifuniko vingi zaidi. Hapo uwatoe nje waangalie paa. Kwa nini mabati yana mawimbi? Watajibu wenyewe! Na vile vifuniko wamevihesabu, basi hesabu pia imefundishwa.

Pili, vijiti. Funga vijiti vinne kwa uzi viwe mraba, halafu usukume pembe moja. Unalala upande. Ongeza kijiti cha tano kutoka pembe hadi pembe, yaani pembetatu mbili. Sasa umesimama imara. Fundi yeyote wa kenchi anajua jambo hili, na hapa kwetu mafundi hao si haba. Mwalimu, mwalike mmoja aje azungumze na watoto. Ni mzazi kama wengine.

Sasa kwa ufupi, mambo ya kushika:

1. Anzeni kukusanya vifaa mapema: paketi za maziwa, vifuniko, maboksi, vijiti, patipati zilizokwisha za kukata magurudumu. Gundi ipikwe kwa unga wa ngano na maji. Kila kitu kiwekwe katika boksi moja la darasa, asijulikane nani alileta nini.

2. Wembe, kisu na waya wenye ncha ni kazi ya mtu mzima. Chupa zilizokuwa na dawa ya shamba zisiingie darasani hata zikioshwa.

3. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Leo wajenge, kesho wajaribu na kurekebisha. Msilazimishe yote mara moja.

4. Kila kikundi kiseme kilijaribu nini, nini kilianguka, na kilibadilisha nini. Hapo ndipo pa kutia alama, si kwenye urembo.

5. Wasichana washike kazi ya kujenga, wasiachiwe kufagia na kushikia wenzao vitu.

Na wewe mzazi, mtoto akileta kazi nyumbani, zuia mikono yako. Keti karibu, muulize, “Unafikiri imeanguka kwa nini?” Kisha nyamaza. Ni vigumu, najua! Lakini wazee walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Ukimjengea, umemnyima njia.

Walimu, naomba pia mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa manila. Daraja la karatasi iliyokwisha kuandikwa hubeba vile vile.

Yule msichana niliomba aniwekee ile nyumba mezani. Tukaitazama pamoja, nikamuuliza kwa nini imeinama. Akafikiri, akachukua kijiti, akakiegemeza kwa ndani. Ikasimama. Hakuniuliza kama ni nzuri. Alitaka kujua kama itabeba kitabu.