Sanduku Dogo la Gia na Mbio za Roboti

Katika mashindano ya roboti ya FIRST, yaliyoanza mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, wanafunzi wa sekondari huunda roboti yenye uzito unaokaribia ule wa mtu mzima. Roboti hizo husukumana uwanjani kwa dakika chache tu. Ikizimika moja katikati ya mchezo, hakuna aruhusiwaye kuingia kuiwasha.

Wakati mwingine chanzo ni gia.

Mota ya CIM, iliyotumika humo kwa miaka mingi, isipokuwa na mzigo huzunguka takriban mara 5,300 kwa dakika. Ikifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu, roboti husogea kwa shida na mota huweza kuungua. Sharti kasi ipunguzwe mara 10 hivi, ili nguvu ya kuzungusha iongezeke kwa kadiri hiyo.

Nafasi nayo ni finyu. Gia ya meno 14 ingehitaji nyingine ya meno 150, ambayo kipenyo chake, kwa meno ya ukubwa uliozoeleka huko, kingefika sentimita 19. Gurudumu lenyewe huenda lina sentimita 10; gia ingekwaruza sakafu! Hivyo mbunifu huigawa kazi. Meno 14 huzungusha 50, kisha 16 huzungusha 48. Matokeo ni karibu yale yale, na gia kubwa kabisa haifiki sentimita 7.

Lakini vijana hupenda mbio, na mbio ndizo huwaponza. Betri ni moja, ya volti 12. Roboti ya kasi mno ikikutana na mpinzani kifua kwa kifua, magurudumu hung'ang'ania zulia yasizunguke, na kila mota iliyokwama hufyonza ampia zipatazo 130. Volti huporomoka, roboti ikanyamaza.

Mbunifu stadi huchagua uwiano utakaolifanya gurudumu liteleze kabla mota haijakwama. Tena si lazima aongeze gia: akipunguza gurudumu kutoka sentimita 15 hadi 10, nguvu ya kusukuma huongezeka kwa nusu, na sanduku hubaki dogo vile vile. Gharama yake ni kasi, kwani mita 4 kwa sekunde hushuka chini ya 3, jambo ambalo dereva kijana halikubali kwa urahisi.

Mota zisizo na brashi, zilizoenea tangu msimu wa 2019, ni nyepesi zaidi, ila nazo zikikwama huungua.